Vyuo vya Miaka Miwili Baada ya Sekondari: Mhadhara kwa Wazazi, Tororo, Uganda

Wazee wetu, wazazi wenzangu, walimu, nanyi vijana mliomaliza kidato cha nne na cha sita, hamjambo. Wapo hapa walionisikia nikilisema jambo hili la vyuo vya miaka miwili harusini, kwenye mikutano ya shule, na mara moja matangani, ambako nilinyamazishwa. Nawaomba mnivumilie tena, kwa kuwa kila mwaka matokeo yanapotoka naona kosa lile lile likirudiwa katika nyumba zile zile.

Nianze na kijana wa jirani yangu. Siku matokeo ya kidato cha sita yalipotangazwa nilipita kwao, nikakuta kreti ya soda iliyonunuliwa asubuhi haijafunguliwa, na watu wamekaa uani kimya kana kwamba kuna msiba. Kijana alikuwa amepata ufaulu mkuu, ule unaoitwa "principal pass", katika somo moja tu, nayo shahada hudai masomo mawili. Baba yake alikwisha kuamua kwamba mtoto arudie mwaka, na ikibidi ng'ombe auzwe. Nikamuuliza, "Mzee mwenzangu, huyu mtoto anapenda nini?" Akanijibu kwamba anapenda chuo kikuu. Nikamwambia kuwa chuo kikuu ni mahali, nami sikuuliza mtoto anapenda kwenda wapi. Ng'ombe akauzwa, kijana akarudia, na matokeo yakawa yale yale. Kilichobadilika ni zizi.

Mwaka uliofuata ndipo alipoletwa kwangu karakanani. Nilifunga kipande cha chuma kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, nikamkabidhi tupa ya kusugulia chuma, nikamwambia akipige tupa mpaka pande zake zote ziwe mraba. Alidhani ni kazi ya saa moja. Siku ya tatu alikuwa bado anakinyanyua kuelekea dirishani, skwea ya kupimia pembe juu yake, akitafuta ule uzi wa mwanga unaopenya pale chuma kilipobonyea. Kisha anakirudisha kwenye jiliwa na kusukuma tupa mara nne au tano tu, kwa kuwa alikwisha kujua kwamba mara ya sita ingezidisha. Baba yake alikuja siku hiyo, akasimama mlangoni na koti lake la mikutano, akauliza kama hiyo ndiyo shule. Nilimwomba ajaribu mwenyewe. Baada ya dakika kumi alivua koti, na hakuuliza tena. Kijana huyo alichukua stashahada ya uhandisi wa mitambo kwa miaka miwili, akafanya kazi, akajilipia ada, kisha akaingia chuo kikuu kwa nguvu ya stashahada hiyo. Ng'ombe, kama mnavyojua, hakurudi.

Namwona mzazi pale nyuma anatikisa kichwa, nami najua analosema moyoni: vyuo hivi ni vya walioshindwa. Mzazi wangu, Makerere yenyewe ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kama kushika randa ni kushindwa, basi chuo kikuu unachokililia kilianzishwa na walioshindwa. Kyambogo nayo, iliyopata kuwa chuo kikuu mwaka 2003, ilitokana na kuunganishwa kwa vyuo vitatu, na kimojawapo kilikuwa politekniki, yaani chuo cha ufundi.

Mwingine ataniambia kwamba nchi zilizoendelea hazifanyi hivi. Zinafanya sana. Marekani wana vyuo vya jamii, na kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Mwanafunzi anayemaliza sekondari husoma miaka miwili karibu na kwao kwa ada nafuu, na akitaka huhamia chuo kikuu kumalizia miaka iliyobaki, huku masomo aliyoyafaulu yakihesabiwa kwa kadiri vyuo hivyo viwili vilivyokubaliana. Hapo ndipo utaratibu wetu unaponiudhi. Hapa kwetu mlango wa wenye stashahada upo, lakini nimewaona wahitimu wangu wakiambiwa waanze mwaka wa kwanza pamoja na watoto ambao hawajawahi kushika bisibisi, wakakalishwa tena darasani kufundishwa kile walichokuwa wakilipwa kukifanya. Hilo tulidai, tulidai kwa sauti, wala tusilitumie kama kisingizio cha kuwazuia watoto wasianze.

Kwa waliomaliza kidato cha nne nitasema kwa haraka: cheti cha miaka miwili huwafikisha kwenye stashahada bila kupitia kidato cha sita. Mwenye kupenda hesabu na maduka ana Chuo cha Biashara hapa hapa Tororo. Mwenye kupenda mitambo, ujenzi au umeme ana Chuo cha Ufundi cha Elgon, kule Mbale. Kuhusu kilimo nilikuwa na mengi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kurasa zangu mbili kuhusu ada na bweni nitaziacha mezani, azisome anayetaka. Kabla hujalipa hata shilingi moja, uliza kama chuo kimesajiliwa na kama mitihani yake ni ya bodi ya taifa, kwa maana kibao kizuri barabarani hakitoi cheti. Na mwenye mtoto aliyepata ufaulu mkuu mmoja anione leo, kabla ya siku ya mnada.