Nganya Imepakwa Rangi, Je, Injini Imebadilishwa?

MUTHONI: Karibuni tena. Baraka, leo salamu zingoje, nina jambo la Jumanne: kompyuta ikisema faili limebadilika, limebadilika kweli?

BARAKA: Ile simu ya saa nne usiku?

MUTHONI: Hiyo hiyo. Nilikuwa na memba 412, yaani mafaili madogo ndani ya maktaba moja, kwenye meinfremu, ile kompyuta kubwa ya ofisini. Nikaandika makro, programu fupi ya lugha ya REXX, ibadilishe jina moja la faili popote lilipo. Asubuhi ripoti yangu ikasema memba 409 zimebadilika. Mkubwa wangu akauliza, "Zote hizo?" Nikatafuta lile jina kwa mkono: liko kwenye memba 37 tu!

BARAKA: Ripoti ilijuaje zimebadilika?

MUTHONI: Kwa nambari ya toleo. ISPF, programu tunayohariria mafaili kwenye meinfremu, huwekea kila memba takwimu zake: toleo na kiwango cha marekebisho, tuseme 01.07, tarehe, saa, na aliyehifadhi mwisho. Makro yangu ilikuwa inapachika mstari wa alama juu kabisa, inafanya kazi yake, kisha inaufuta. Maandishi yanarudi yalivyokuwa, lakini mhariri, yaani ISPF yenyewe, anakumbuka yameguswa. Muulize DATA_CHANGED, yaani kama data imebadilika, anakujibu YES. Ukihifadhi, 01.07 inakuwa 01.08.

BARAKA: Hiyo ni nganya ya Rongai, matatu ya mapambo! Inaingia gereji Ijumaa, Jumatatu inatoka na rangi mpya, taa mpya, jina jipya. Injini ni ile ile.

MUTHONI: Na watu wanaipigania stejini.

BARAKA: Dada, mimi napanda laini hiyo kila siku. Kuna moja imebadilishwa rangi mara tatu nikiiona. Naitambua kwa kiti cha nyuma, upande wa dirisha. Kuna chuma kinanichoma mgongo, hakijawahi kuondoka.

MUTHONI: Basi SuperC, programu ya kulinganisha mafaili, ndicho kiti chako. Haiangalii rangi. Inalinganisha nakala ya zamani na mpya mstari kwa mstari. Ikirudisha 0 zinafanana, ikirudisha 1 kuna tofauti.

BARAKA: Na nganya iliyobadilishwa injini bila kuguswa rangi, ipo?

MUTHONI: Ipo! Kiwango cha marekebisho kikifika 99 hakipandi tena. Zile memba tatu ambazo ripoti iliziacha zilikuwa 01.99 kabla na 01.99 baada. Moja yao ina lile jina, na ilibadilika kweli.

BARAKA: Huyo makanga ndiye wa kuogopwa. Gari jipya, anakwambia ni la jana.

MUTHONI: Na nauli ni ile ile!

BARAKA: Lakini ngoja. Nambari za mistari, zile zinazokaa mwisho wa mstari, safu ya 73 hadi 80. Mhariri akizipanga upya, faili limebadilika?

MUTHONI: Hapana. Kompaila ya COBOL, inayotafsiri programu ziende kwa mashine, haizisomi; JCL, maagizo ya kuendesha kazi, haizisomi. Ni urithi wa kadi za kutoboa, zile za karatasi zilizobeba programu zamani. Mimi naiambia SuperC izipuuze.

BARAKA: Hapo sikubali. Kwenye memba ya data, programu inaweza kusoma safu zote 80. Nambari ikiingia pale ni data.

MUTHONI: Hiyo ni data. Mimi nazungumzia programu na JCL.

BARAKA: Na makro yako ikipita maktaba nzima, itajuaje hii ni ipi? Baiti moja ikibadilika, faili limebadilika. Nukta.

MUTHONI: Basi kila asubuhi utapokea ripoti ya memba 409, na hakuna atakayeisoma. Ile moja ya maana itapita humo humo.

BARAKA: Afadhali niisome ndefu kuliko nifichwe.

MUTHONI: Sikubali.

BARAKA: Wala mimi.

MUTHONI: Tumebakiwa na dakika moja, na tuliahidi mambo matatu: kuweka nakala kabla ya makro kukimbia, kuhifadhi pale tu...

BARAKA: Hatufiki, Muthoni. Mwenye chumba ashafungua mlango.

MUTHONI: Wiki ijayo, basi. Na kile kiti?

BARAKA: Jioni hii naenda kukikalia tena.