Fedha za Dharura Zilipokoma, Watoto Walikuwa Bado Wapo

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, nawasalimu kutoka Des Moines, jimboni Iowa. Mmekuwa mkiniuliza inakuwaje katika nchi tajiri kama Marekani mzazi aache kazi kwa kukosa mahali pa kumwacha mtoto. Leo nitawajibu kwa kuanzia kwenye bajeti.

Machi 2021, Bunge la Marekani lilipitisha mpango wa dola trilioni 1.9 wa kuunusuru uchumi uliodhoofishwa na Uviko-19, na ndani yake zikatengwa dola bilioni 24 za kuvisaidia vituo vya kulelea watoto visifungwe. Wakati huo nilikuwa mlezi katika chumba cha watoto wachanga. Kanuni za hapa haziruhusu mlezi mmoja kuangalia zaidi ya wachanga wanne, kwa hiyo gharama kubwa ya kituo ni mishahara, na ukiipandisha huna budi kupandisha pia ada ambayo tayari inawaelemea wazazi. Ruzuku ile ilitufungulia fundo hilo: mishahara yetu iliongezeka, wenzetu wawili waliokuwa wameondoka wakarudi, na ada ikabaki palepale.

Mpango huohuo uliongeza nafuu ya kodi kwa wenye watoto. Kuanzia Julai hadi Desemba 2021, familia nyingi zilipokea hadi dola 300 kila mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita, na hadi dola 250 kwa kila aliyezidi umri huo. Ninaloliona kubwa kuliko yote ni kwamba hata mzazi ambaye kipato chake ni kidogo mno kiasi cha kutodaiwa kodi alistahili kupata fedha hizo kamili. Kwa kipimo cha Ofisi ya Sensa kinachohesabu pia misaada ya serikali, umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2 mwaka ule. Mwaka uliofuata, nyongeza hiyo ilipokwisha kuondolewa pamoja na misaada mingine, ukapanda hadi asilimia 12.4. Wazazi walikuwa walewale.

Ruzuku ya vituo nayo ilikuwa na ukomo wake, tarehe 30 Septemba 2023. Majuma machache kabla ya hapo, karatasi ilibandikwa mlangoni petu, juu ya rafu ya viatu vya watoto, ikitangaza ada mpya na kufungwa kwa chumba kimoja. Baba mmoja aliisoma mara mbili huku mtoto akimvuta mkono, kisha akaniuliza kama chumba chenyewe ni cha mwanawe. Kilikuwa ndicho.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kulipia hitaji la kila siku kwa fedha za dharura. Katika jimbo la Vermont walichagua njia nyingine: sheria yao ya mwaka 2023 iliweka kodi ya asilimia 0.44 ya mishahara, ambayo sehemu yake kubwa hubebwa na mwajiri, ili huduma za malezi ziwe na chanzo cha kudumu. Basi bajeti zitakaposomwa Juni huko Dodoma, Nairobi na Kampala, litafuteni fungu la watoto, mwone fedha zake zinatoka wapi na zinakoma lini.