Blue Story: Kabla Hujasema Watoto wa Ulaya Wameshindikana

Habari zenu wapendwa. Shikamooni wakubwa wote mlioko nyumbani, na vijana mambo vipi. Karibuni tena kusini mashariki mwa London.

Niliwaomba muitafute filamu ya Blue Story muitazame, na kweli mmeitazama, maana simu yangu haijapumzika. Asanteni sana. Leo nimekaa chini tuzungumze kuhusu mliyoniandikia, kwa sababu kuna yaliyonifurahisha na kuna yaliyoniuma nikashindwa kuyaacha yapite.

Wengi mmesema mmeshtuka. Hamkuitegemea London ile ya ngazi za zege na korido ndefu za nyumba za kaunsili, yaani nyumba za kupanga za serikali za mitaa, watoto wenye sare za shule wakikimbizana. Wengine mkasema kumbe Panya Road, wale vijana wa mapanga wa Dar es Salaam, wako hadi Ulaya. Mama mmoja wa Morogoro ameniambia alilia mpaka wanawe wakamuuliza nani amefariki. Na wapo wengi, tena watu wazima ninaowaheshimu, waliomaliza kwa hukumu moja: watoto wa Ulaya wameshindikana, wamekosa fimbo.

Hapo kwenye fimbo ndipo ninapotaka tukae leo.

Kwanza tuijue filamu yenyewe. Imetengenezwa na Andrew Onwubolu, anayejulikana zaidi kwa jina la Rapman, kijana mwenye asili ya Nigeria aliyekulia Deptford, huku huku kwetu. Alijijengea jina YouTube, akisimulia hadithi za mtaani kwa kurap huku waigizaji wakiigiza. Mwaka 2018 Shiro's Story, yenye sehemu tatu, ilitazamwa na mamilioni ya watu, na hapo milango ikafunguka. Blue Story ikaingia kwenye kumbi za sinema za Uingereza tarehe 22 Novemba 2019. Bajeti yake ilikuwa kama pauni milioni 1.4. Najua kwa nyumbani hizo ni hela nyingi, lakini kwa sinema za huku ni bajeti ya kubana kabisa, na unaiona. Hakuna helikopta, hakuna magari ya kifahari yanayolipuka. Kuna ngazi, kuna uwanja wa shule, kuna chumba cha kijana, na kati ya matukio Rapman mwenyewe anajitokeza kurap yale ambayo hakuonyesha. Mimi naamini ule ukavu wake ndio uliowakamata. Ingekuwa na mapambo zaidi, mngesema ni sinema tu.

Hadithi yake haina mzunguko. Timmy ni mtoto mpole wa Deptford. Anasoma sekondari Peckham, na huko anapata rafiki, Marco, mwenyeji wa Peckham. Vijana wa sehemu hizo mbili wana uhasama wa miaka. Urafiki wa wale wawili unabanwa katikati, na polepole kila mmoja anajikuta upande ambao hakuuchagua. Mwisho wake sisemi, kwa ajili ya ambao bado.

Sasa sikilizeni kilichotokea huku ilipotoka, maana nyie si wa kwanza kuwahukumu watoto wale.

Jumamosi, siku ya pili tu tangu filamu ianze kuonyeshwa, kulizuka vurugu kubwa Star City, jengo la starehe huko Birmingham lenye sinema ya kampuni ya Vue. Vijana walikuwa na mapanga. Familia zilikuwa kwenye foleni na watoto wadogo waliokuja kutazama katuni. Polisi kadhaa waliumia, na vijana watano walikamatwa, mmoja wao msichana wa miaka 13. Jambo la kutisha, wala silipunguzi. Vue wakaiondoa Blue Story kwenye kumbi zao zote za Uingereza na Ireland. Kampuni ya Showcase nao wakafuata. Vue walijitetea kwamba katika saa 24 za kwanza walikuwa na matukio zaidi ya 25 katika kumbi 16. Polisi wa West Midlands kwa upande wao walisema si wao waliopendekeza filamu iondolewe.

Mimi ninayaelewa maumivu ya mtu wa ulinzi aliyesimama pale mlangoni usiku ule. Lakini hebu fikirini: filamu inayomlilia kijana anayeingizwa kwenye vita isiyo yake inafungiwa nchi nzima, na kijana aliyeshika tiketi mkononi hapa Lewisham au huko Manchester, hajagombana na mtu, anaambiwa haitaonyeshwa. Watazamaji wake wote wakawekwa kapu moja. Rapman alisema wazi kwamba filamu yake inahusu upendo, si vurugu. Watu wakapiga kelele, na baada ya siku chache Showcase wakairudisha, Vue nao wakairudisha wakiwa wameongeza ulinzi.

Mimi niliitazama katika ukumbi mmoja wa huku kwetu, na kilichonikaa moyoni ni wale watoto. Walijaa, vikundi vikundi, na popcorn zao. Mwanzoni walikuwa wanacheka kwa nguvu na kutaja majina ya mitaa inapotokea kwenye skrini, kama mnavyoshangilia nyie Kariakoo ikionekana kwenye taarifa ya habari. Kufika katikati, vicheko vikakatika. Kuna tukio la moto, mlioitazama mnalijua, ambapo nilisikia msichana nyuma yangu akisema hapana, hapana, hapana. Taa zilipowashwa hakuna aliyekimbilia mlango. Wale ndio waliokuwa wakisemwa magazetini kwamba filamu itawaharibu.

Na hawakuiacha. Kwa bajeti ile ndogo, Blue Story iliingiza zaidi ya pauni milioni 4 Uingereza. Februari 2020 Micheal Ward, aliyeigiza kama Marco, akapata tuzo ya BAFTA, tuzo kubwa za filamu za Uingereza, ya nyota anayechipukia, ambayo mshindi wake huchaguliwa kwa kura za wananchi. Vijana walipiga kura. Hilo ndilo jibu lao kwa waliowafungia mlango.

Nirudi kwenu sasa, kwa hilo la Panya Road. Nalielewa, maana mwaka 2022 nilikuwa nampigia mama yangu simu kila usiku kumuuliza kama wamefunga geti. Panga ni panga. Lakini Panya Road wanaingia nyumbani kwako kuchukua simu, televisheni, hela. Vita vya kwenye filamu hii havina mali ndani yake. Wale watoto wanauana kwa sababu ya postikodi, yaani zile herufi na tarakimu za mwisho wa anwani. Deptford ni SE8, Peckham ni SE15. Ukipanda basi namba 436 hapa Lewisham, linapita New Cross na kufika Peckham kabla hujamaliza kuongea na simu. Mtoto wa chini ya miaka 16 anapanda basi bure London nzima. Ana kadi ya kwenda popote, na ana vituo ambavyo hathubutu kushuka. Ninawajua watoto wazuri, wa kanisani na wa madrasa, wanaozunguka njia ndefu kurudi nyumbani kwa sababu hiyo, na wazazi wao hawajui.

Mimi Peckham ninakwenda sana. Pale Rye Lane ndipo ninaponunua mihogo, ndizi za kupika na samaki, kuna Wanigeria, kuna Wasomali, kuna Wakongo tunaoelewana nao kwa Kiswahili, na ninatembea kwa amani yangu. Mama wa miaka yangu haulizwi anatoka wapi. Mwanangu wa kiume akipita peke yake, mtaa uleule, anaulizwa. Peckham hiyohiyo ndipo alipouawa Damilola Taylor Novemba 2000, mtoto wa miaka 10 aliyezaliwa Lagos, akiwa anatoka maktaba. Mama yake alikuwa amemleta Uingereza miezi michache tu kabla.

Ndiyo maana nawaomba mumtazame tena mama yake Timmy. Katika ujumbe wote mlionitumia, karibu hakuna aliyemtaja. Mmemwona Marco, mmemwona kaka yake, mmeona silaha. Yule mama ndiye aliyemtoa mwanawe Deptford akampeleka shule ya Peckham.

Niwaeleze jambo hili linavyokwenda huku. Mtoto akifika darasa la sita la huku, miaka 10 au 11, mzazi unajaza fomu ya sekondari. London unaweza kuandika shule hadi sita, mwisho tarehe 31 Oktoba, na majibu yanatoka Machi mosi. Unasoma ripoti za wakaguzi, unauliza watu kanisani, unatembelea shule siku za wazi. Unatazama matokeo ya mitihani. Hakuna sehemu kwenye fomu ile inayokueleza kwamba ukimtoa mtoto mtaa huu kumpeleka ule, utakuwa umemvusha mpaka ambao wewe huuoni na yeye atauvuka kila asubuhi na kila jioni kwa miaka mitano. Unachagua kwa mapenzi. Rapman mwenyewe alikuwa mtoto wa Deptford aliyesoma Peckham, kwa hiyo alijua anachokiandika.

Sasa niambieni, fimbo ingemsaidia nini Timmy? Alikuwa na adabu. Alikuwa na mama anayemhangaikia na alikuwa anasoma. Alichokosa ni mtu mzima mmoja anayejua kinachotokea kati ya geti la shule na mlango wa nyumbani. Sisi wazazi wa ughaibuni tuna zamu za usiku, tunasafisha ofisi, tunahudumia wazee, tunarudi mtoto ameshaondoka. Mtoto anakwambia shule nzuri mama, nawe unalala.

Na hapa nafika kwenye ushauri mliorudia sana: mrudisheni nyumbani. Wapo wanaofanya hivyo kweli. Wazazi wengi wa Kisomali wa London wamewapeleka vijana wao Somalia, Somaliland na Kenya kwa kuhofia visu, na sisi Watanzania tunafanya kimyakimya. Silipingi. Ninamjua kijana aliyepelekwa kwa bibi yake Moshi, akatulia, akasoma, leo ni fundi umeme mwenye heshima. Ninamjua na mwingine aliyeambiwa anakwenda likizo, akafika akakuta pasipoti imefichwa na ameandikishwa bweni. Huyo hajamsamehe baba yake hadi leo. Kama utampeleka, mwambie ukweli kabla ya kupanda ndege. Na nyie mtakaompokea, nawaomba kwa moyo wote, msimpokee kama jambazi. Msimwite mtoto wa Ulaya mbele ya binamu zake. Huenda ameona rafiki yake akianguka, na hajapata mtu wa kumwambia.

Kwa waliolalamika kwamba Kiingereza chao hamkielewi: kina Kijamaika ndani yake na maneno ya mitaani kwao, washeni maandishi ya chini. Na jamani, huku imewekewa kiwango cha miaka 15. Msiwawekee wadogo sebuleni eti kwa sababu waigizaji ni wanafunzi. Wa miaka 15 na kuendelea, kaeni nao, mtazame pamoja.

Video ijayo nataka kuongea na wazazi wa huku wawili watatu, mmoja aliyempeleka mwanawe nyumbani na mmoja aliyekataa kabisa. Nitawaficha sura kwa ajili ya watoto wao. Kama una swali la kuwauliza, niandikie mapema kabla ya Jumamosi, na kama wewe ni bibi au shangazi uliyempokea mtoto kutoka huku, wewe ndiye ninayekutafuta zaidi. Nibipu tu, nitakupigia mimi, usitumie salio lako.