Rodi ya kurushia kolekole: pete zipi, kiti kipi na unazipanga vipi

Haya wadau karibuni, leo nina blenki mezani, yaani fimbo tupu ya rodi, na tunajenga rodi nzito ya spini, ile ya kusimama omoni unarusha popa, chambo bandia cha kuelea, la gramu 120 mpaka 150 tangu alfajiri hadi jua la utosi, unamtafuta kolekole. Walioko Mafia, Pemba, Tanga, Shimoni, Watamu mnamjua huyu samaki, akishika tu kitu cha kwanza anakimbilia jabali, na wewe una sekunde chache za kumzuia, usipomzuia basi imekwisha. Rekodi ya dunia ya kolekole mkubwa ni kilo 72.8, alivuliwa Tokara kule Japani mwaka 2006, sisi wetu wengi hawafiki huko lakini hata wa kilo 25 atakutafutia kosa kwenye rodi yako, na kosa lenyewe mara nyingi haliko kwenye blenki, liko kwenye pete zinazopitisha mshipi.

Nasema hivyo kwa sababu limenikuta. Msimu mmoja nilikatwa mshipi mara mbili asubuhi moja, nikamwambia nahodha ni jabali, akasema hapa pana kina hakuna jabali, nikabisha, tuliporudi nikapitisha pamba kwenye pete moja moja, pete ya tatu kutoka nchani pamba ikanasa, kauri, lile duara gumu la ndani ya pete, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, jicho halioni. Ule ufa na mshipi wa kusuka ni sawa na wembe na uzi. Samaki wawili, popa mbili, na mmoja wao kaondoka na ndoana mdomoni, hiyo ndio iliniuma zaidi. Ndio maana leo nataka twende taratibu kwenye pete.

Hatua ya kwanza, kabla hujanunua pete hata moja, leta rili yako mezani, funga na mshipi utakaotumia na lida yake, ule uzi mnene wa mbele. Hii hapa ni rili ya saizi 18000, mshipi wa kusuka PE 8, hiyo PE ni namba ya unene, lida ya nailoni ya ratili 170, nimeiunga na mshipi kwa fundo la FG. Watu wananunua seti ya pete kwanza halafu wanatafuta rili ya kuendana nayo, hapana, spuli, pale mshipi unapozungushiwa kwenye rili, ndio inayoamua pete ya kwanza, na fundo ndilo linaloamua pete za mwisho. Hayo mawili ukiyapata, zilizobaki zinajipanga zenyewe.

Hatua ya pili, fremu na kauri. Chukua zenye miguu miwili zote, kuanzia chini mpaka juu, zile za mguu mmoja ni nzuri kwa rodi nyepesi ya kwenye mikoko lakini hapa zitapinda. Fremu iwe ya chuma cha pua kizuri au titani. Titani haishiki kutu na ni nyepesi, bei yake nayo ni nyingine kabisa, kwa hiyo mimi ushauri wangu kama pesa haitoshi weka titani kwenye pete za juu tu, kule ndiko uzito unakokuchosha mkono, chini weka chuma cha pua na uoshe kwa maji baridi kila ukirudi. Kauri nayo, kwa mshipi wa kusuka nataka SiC, yaani silikoni kabaidi, ni ngumu, laini, na inapoteza joto haraka samaki anapokimbia. Kauri ya Alconite ya kampuni ya Fuji nayo inafaa, Torzite iko juu zaidi ila kwa kazi hii sioni haja ya kuvunja kibubu. Zile zisizo na jina kabisa unazouziwa pakiti nzima kwa bei ya soda mbili, tafadhali sana, kwa kolekole usithubutu, kauri inachomoka kwenye fremu samaki akiwa bado ana nguvu, mshipi unabaki kusaga chuma.

Na angalieni fremu hii hapa, naisogeza karibu na kamera, mnaona ilivyoinama kwenda mbele? Hizi ni za aina ya K za Fuji, mshipi wa kusuka ukijizungusha kwenye pete wakati wa kurusha unateleza wenyewe unatoka. Kwenye pete iliyosimama wima unabaki umenasa, na popa la gramu 150 likinasa katikati ya mrusho mshipi unakatika mlio kama bastola, popa linaenda zake.

Sasa saizi. Namba iliyoandikwa kwenye pete ni kipenyo cha kauri kwa nje kwa milimita, kwa hiyo pete ya 16 tundu lake ni dogo kuliko 16, wengi wanajichanganya hapa. Mshipi unatoka kwenye spuli kubwa kama hii kwa mizunguko mipana, pete ya kwanza kazi yake ni kuituliza, ndio maana inakuwa kubwa na yenye miguu mirefu. Kwa rili hii naweka 40, halafu 25, halafu 20, kuanzia hapo zote 16 mpaka nchani. Kuna wanaoshuka mpaka 12 na wanarusha mbali vizuri tu, ila mimi natumia lida nene na nataka fundo lipite bila kugonga, chukua fundo lako ulipitishe kwenye pete kwa mkono, mbele, nyuma, na pembeni ibaki nafasi, ukisikia tak-tak ongeza saizi. Hakuna hesabu inayoshinda hilo jaribio.

Blenki hii ni futi 8, nitatumia pete saba na ya nchani ya nane. Ya nchani pima kwa kaliba ncha ya blenki, usikisie, ikilegea ukijaza gundi siku moja itatoka, ikibana usiilazimishe.

Hatua ya tatu, kuzipanga, na hapa naomba msiruke video. Funga rili kwenye kiti, hata kama kiti hakijagundishwa, shikilia na tepu. Angalia shafti ya rili, ule mhimili unaobeba spuli, hailali sambamba na blenki, imenyanyuka kidogo kuelekea juu. Chukua uzi, uunyooshe kutoka katikati ya shafti kwenda mbele mpaka uguse blenki. Pale unapogusa weka alama, pale ndipo pete za saizi moja zinapoanzia, mzunguko wa mshipi unatakiwa uwe umeshatulia ukifika hapo. Pete ya 40 mimi huanzia sentimita 70 hivi kutoka mdomo wa spuli, hiyo ni ya kuanzia tu, nasogeza baadaye. Zilizo katikati zinashuka kwa mteremko mmoja, ukichungulia kutoka spuli unaona duara ndani ya duara kama faneli.

Zifunge kwa vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli, usitumie uzi bado. Funga kitako cha rodi kwenye meza kwa nguvu, pitisha mshipi, ning'iniza dumu la maji la lita 5. Blenki inapinda, sasa simama pembeni uangalie mshipi unavyofuata mpindo. Ukiona kati ya pete mbili mshipi umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo wakati blenki imejikunja, hapo zimekaa mbali, sogeza. Kule nchani ziwe karibu karibu, kushuka chini zinaachana. Ongeza maji kidogo kidogo, na usiinue kitako juu sana, blenki ya kaboni ikikunjwa kwa pembe kali nchani inavunjika hata kwa uzito mdogo. Mimi hii kazi huchukua jioni nzima, nasogeza, naangalia, kesho yake naenda ufukweni narusha na hizo hizo tyubu, popa jepesi tu, nasikiliza.

Kiti cha rili sasa, hapa haraka haraka. Nachukua Fuji DPS saizi 22, imara, haina madoido. Nakigeuza nati iwe upande wa nyuma ili mkono wa mbele ushike sponji, usishike nyuzi za nati, ukiwa na dregi, yaani breki ya rili, ya kilo 10 utanishukuru. Nafasi kati ya kiti na blenki usiijaze na maskingi tepu, inanyonya maji na inaoza, chukua ile tepu ya wavu ya mafundi jipsamu, izungushe huku unaipaka epoksi mpaka kiti kiingie kwa kubana, hiyo ndio bushi yako. Piga msasa ndani ya kiti kwanza. Urefu wa kitako pima kwa mwili wako, kutoka katikati ya kiti mpaka chini iwe inaingia kwapani vizuri na kiwiko hakigongi, kwangu ni sentimita 47. Sponji ya EVA ngumu, chini kifuniko cha mpira.

Kufunga pete: chukua tupa, nyoosha ncha za miguu ziwe nyembamba kama ulimi, zisikwaruze blenki, na uzi upande bila kuruka. Zungushia blenki uzi kwanza chini ya mguu, halafu juu yake uzi wa nailoni saizi D ndio unabeba kazi. Kaza wastani, uweze bado kuisukuma pete kidogo kuinyoosha na nyingine.

Epoksi changanya nusu kwa nusu, pima sawasawa kabisa, koroga polepole dakika tatu nne. Kwetu pwani tatizo ni unyevu, usipake usiku wa mvua wala dirisha likiwa wazi kwa bahari, utaamka ina ukungu mweupe na mafuta mafuta. Paka mchana, chumba kikavu, viputo vikitokea pitisha moto wa kibatari cha spiriti kwa mbali, halafu zungusha rodi kwa mota ndogo ya polepole saa nne bila kusimama, kama huna mota kaa na mtu mpokezane kwa mkono. Mkono wa pili wa epoksi kesho yake.

Usiiguse siku saba. Ya nane nenda nayo ufukweni, anza na mirusho mifupi, na ukirusha usiangalie popa, sikiliza pete fundo linapopita.