Beseni la Poirot

Mabibi na mabwana, naomba nianzie bafuni.

Mwaka 1995 televisheni ya ITV ya Uingereza ilionyesha Hickory Dickory Dock, kipindi kimoja cha tamthilia ya mpelelezi Poirot. Mke wa Inspekta Japp kasafiri, naye Poirot anamkaribisha kwake. Japp anaingia bafuni, anakuta kibeseni cha chini chenye bomba, anainama, ananawa uso. Naona mmeshaanza kucheka. Beseni lile ni la kutawazia, na humu ukumbini hakuna wa kufundishwa hilo.

Sasa, katika riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1955, ambayo kipindi hiki kimetokana nayo, Japp hayumo kabisa. Waliomleta, yeye na beseni lake, ni watu wa televisheni. Na tunamcheka kwa kosa gani? Kwamba askari wa London ya miaka ya 1930 hajui vyombo vya nyumba za wenye nazo? Kingeishia hapo, ningekiita dhihaka tupu. Lakini baadaye Japp anashika jiko, anampikia mwenyeji wake madonge ya maini na viazi vya kuponda, chakula cha kwao, na Poirot yule mjuzi wa mapishi anahaha kutafuta udhuru wa kutokula. Ngoma droo. Mzaramo akimchokoza Mnyamwezi msibani anajua jibu liko njiani; ndiyo maana tunauita utani.

Kinachonikera mimi ni jinsi walivyomfanya Hastings, rafiki na msaidizi wa Poirot. Katika hadithi fupi nyingi za Christie yeye ndiye msimulizi. Ujinga wake anautangaza kwa kinywa chake, kwa hiyo tunacheka naye. Tamthilia ilipoanza mwaka 1989 ikampokonya usimulizi. Akabaki kando na suti yake nzuri, Poirot akimsimanga akili, kamera ikimgeukia kuonyesha kwamba hata hajang'amua. Ni kumwonea. Hugh Fraser anamwigiza kwa upole hadi tunampenda, lakini hiyo ni hisani ya mwigizaji.

Poirot, kinyume chake, katika kipindi cha kwanza anafutwa kazi na mteja wake, Bibi Todd wa mtaa wa Clapham, London, kwa hundi ya gini moja, yaani shilingi 21 za Uingereza za wakati ule. Tusi hilo analitia kwenye fremu. Kicheko kimekuwa mali yake.

Taa zizimwe, tafadhali. Nina kipande kifupi cha Poirot na Hastings wakizungumza. Msimtazame anayesema.