Mwaka wa Sita Upangwe Mapema

Walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi, mlionisikiliza siku nyingine hapa Mbeya mnajua ninakoelekea: mwanafunzi wa udaktari anayehitaji muda zaidi apewe muda huo mwanzoni, kabla hajaanguka.

Nilimfundisha kijana kutoka Makete aliyesoma shule ya kata isiyo na maabara, akafaulu kwa kukariri majaribio ambayo hakuwahi kuyaona, na hadubini akaishika kwa mara ya kwanza chuoni. Nilipomuuliza kwa Kiswahili jinsi figo inavyochuja damu, alinieleza hatua kwa hatua kwa nini maji na chumvi hupita lakini chembe za damu hubaki. Swali hilohilo likija kwa Kiingereza, aliisoma sentensi ya kwanza mara tatu na muda ukamwishia. Alipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya biokemia, akashindwa, akarudia mwaka. Na mwaka huo alifundishwa kwa kasi ileile, kwa maelezo yaleyale, huku wadogo zake kimasomo wakimtazama. Mwishowe alidisko, yaani aliondolewa masomoni. Kijana aliyeielewa figo!

Chuo kikuu cha King's College London, Uingereza, kilianzisha mwaka 2001 programu ya udaktari ya miaka sita badala ya mitano, kwa vijana wa shule za serikali waliokuwa na alama za chini kuliko zinazodaiwa kwa kawaida. Masomo ya mwaka wa kwanza huenezwa katika miaka miwili, pamoja na msaada wa ziada wa walimu, kisha wanafunzi hao huungana na wenzao.

Nasi tukifanya hivyo, atanyanyuka mtu aseme tunalegeza viwango, na kwamba mgonjwa hastahili daktari wa kubebwa. Nakubaliana naye kuhusu mgonjwa. Lakini mtihani unabaki uleule na alama ya kufaulu haipunguzwi. Kinachorefuka ni muda wa kujifunza. Tena shahada yetu ni ya miaka mitano, na anayerudia mwaka mmoja anamaliza kwa sita, bila mtu yeyote kuupanga mwaka huo wala kumwekea mwalimu wa ziada. Kwa nini huo hatuuiti kulegeza viwango?

Kuhusu lugha nilikuwa na mengi, lakini muda umekwisha. Niseme la mkopo wa mwanafunzi tu: hesabu yake ifanywe kwa miaka sita tangu siku ya usajili, ili mzazi wa Makete asiuze ng'ombe wake kulipia mwaka ambao hakuambiwa.