Jioni ya Familia katika Soko la Krismasi la Nuremberg

REHEMA: Msikilizaji wetu, karibu. Kila Desemba inapokaribia, wazazi wazungumzaji wa Kiswahili wanaolea watoto Ujerumani hutuuliza ni soko lipi la Krismasi linalofaa kwa matembezi ya jioni. Leo mimi na kaka Baraka tutalizungumzia moja tu, nalo ni Christkindlesmarkt la Nuremberg, katika jimbo la Bavaria.

BARAKA: Asante, dada Rehema. Tumelichagua kwa sababu mzizi wake hasa ni zawadi za watoto. Ushahidi wa zamani zaidi wa soko hili ni sanduku dogo la mbao la mwaka 1628, lililohifadhiwa katika makumbusho mjini humo, ambalo maandishi yake yanaonyesha kwamba lilitumwa kama zawadi ya msimu wa soko hilo. Zamani watoto walipewa zawadi siku ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 6 Desemba; lakini wafuasi wa Matengenezo ya Kanisa, yaani Waprotestanti wa mwanzo, ambao hawakutaka watakatifu watukuzwe, walizihamishia kwenye Krismasi yenyewe na kuwaambia watoto kwamba anayezileta ni Mtoto Kristo, yaani Christkind.

REHEMA: Na huyo Christkind watoto hukutana naye hadi leo. Tangu mwaka 1969 huchaguliwa msichana wa Nuremberg mwenye umri wa kati ya miaka 16 na 19, ambaye huishika nafasi hiyo kwa miaka miwili. Miongoni mwa masharti ni kwamba asiwe mwoga wa kusimama mahali pa juu, kwa kuwa Ijumaa inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majuma ya kuingoja Krismasi, husimama kwenye roshani ya kanisa la Frauenkirche, akiwa amevaa taji na vazi jeupe lenye dhahabu, na kulifungua soko kwa shairi mbele ya umati uliofurika uwanja wa Hauptmarkt.

BARAKA: Mimi ningempeleka mtoto usiku huo huo wa ufunguzi, kwa sababu hakuna jioni nyingine inayoufikia kwa uzito.

REHEMA: Hapo sikubaliani nawe, kaka. Mtoto wa miaka minne katika umati ule haoni roshani wala Christkind. Anachokiona ni migongo ya makoti ya watu wazima, na kigari cha mtoto hakisogei. Ningemshauri mzazi achague siku ya katikati ya wiki, afike wakati bado kuna mwanga, kwani katikati ya Desemba jua la Nuremberg hutua kabla ya saa 10:30 jioni, kisha aanzie Hans-Sachs-Platz, hatua chache kutoka uwanja mkuu. Hapo ndipo lilipo soko la watoto, lenye farasi wa mbao wanaozunguka na vibanda ambako watoto hutengeneza vitu kwa mikono yao wenyewe. Giza likiingia mtoto akiwa tayari amecheza, ndipo familia inapoelekea Hauptmarkt, ambako vibanda vipatavyo 180 vya mbao, vyenye mapaa ya kitambaa cha mistari myekundu na myeupe, vinakuwa vimewashwa taa.

BARAKA: Basi na mimi nitaje jioni ambayo haimpi mtoto shida hiyo, yaani ile ya maandamano ya fanusi. Yalianza mwaka 1948, mwaka ambao soko lenyewe lilifunguliwa tena baada ya vita. Tukumbuke kwamba mji mkongwe wa Nuremberg uliteketezwa kwa mabomu tarehe 2 Januari 1945, na miaka mitatu baadaye watu walikuwa bado wanaishi katikati ya vifusi. Katika hali hiyo waliamua kwamba watoto wapate soko lao. Hadi leo wanafunzi wa shule za mji hubeba fanusi walizozitengeneza wenyewe, wakapanda nazo kilima hadi kwenye ngome, ambako kisa cha kuzaliwa kwa Yesu huigizwa.

REHEMA: Jambo hilo hunigusa sana. Sasa tuseme kuhusu chakula, kwa sababu wasikilizaji wetu wengi ni Waislamu. Soseji ndogo maarufu za Nuremberg, zenye urefu wa sentimita 7 hadi 9 na ambazo kwa kawaida huuzwa tatu ndani ya mkate, ni za nguruwe. Na kile kinywaji cha moto kinachonukia kila upande ni mvinyo. Ipo juisi ya moto yenye viungo isiyo na kileo, nayo huitwa Kinderpunsch, na zipo lozi zilizokaangwa kwa sukari. Kikombe hulipiwa amana, nawe hurejeshewa pesa ukikirudisha.

BARAKA: Tusisahau Lebkuchen, keki za viungo za mji huu. Zile za daraja la juu, ziitwazo Elisenlebkuchen, lazima ziwe na angalau asilimia 25 ya lozi au njugu nyingine za aina hiyo, na unga usiozidi asilimia 10. Nuremberg ilikuwa kituo kikubwa cha biashara ya viungo vilivyopitia Venice, na misitu iliyouzunguka mji ilitoa asali. Mtoto aliyelelewa na bibi wa Pemba ataitambua karafuu, iliki na mdalasini kabla hajatafuna.

REHEMA: Kuna jambo moja ambalo wazazi wetu wanastahili kulisikia. Mwaka 2019 alichaguliwa kuwa Christkind Benigna Munsi, binti wa Nuremberg ambaye baba yake ana asili ya India, na tawi moja la chama cha siasa likamkejeli mtandaoni kwa sababu ya sura yake. Wananchi wengi walimtetea hadharani, tawi hilo likaufuta ujumbe wake, naye akapanda roshani kama ilivyopangwa. Kwa mzazi mwenye binti mweusi anayeuliza kama naye anaweza kuwa Christkind siku moja, nadhani kisa hicho kina jibu la kweli zaidi kuliko maneno ya kumfariji.

BARAKA: Nakubaliana nawe kabisa, dada. Niongeze tu kwamba soko halifanyi kazi jioni ya mkesha wa Krismasi, kwani tarehe 24 Desemba vibanda hufungwa mapema mchana. Anayetaka kuona taa zake na watoto apange kwenda kabla ya siku hiyo.